Gari Moja, Watu Wangapi? Uchambuzi wa Kisa cha Nyama Choma ya Familia ya Klabu ya Magari, Moshi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ridhaa ya kamati iliyohusika, kwa ajili ya wanaoandaa shughuli za familia katika klabu, vikundi vya kufa na kuzikana na vyama vya wafanyakazi. Majina ya watu, jina la klabu, aina ya magari, bustani iliyokodiwa na mwaka wenyewe vimeondolewa. Takwimu za fedha na za wahudhuriaji zimetoka kwenye madaftari mawili, la mweka hazina na lile lililokuwa mezani pa kupokelea funguo, ambalo litaelezwa baadaye.

Usuli

Klabu hii inaundwa na watu wanaomiliki magari ya aina moja ya Kijapani, karibu yote yakiwa yameingia nchini yakiwa yametumika tayari kupitia bandari ya Dar es Salaam. (Baadhi yana redio ambazo hadi leo humsalimia dereva kwa Kijapani kila anapowasha gari.) Wengi wa wanachama wanaishi Moshi na vitongoji vyake, na waliobaki wanaishi Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi. Mwaka mzima huagiza vipuri pamoja ili wapate bei ya jumla, hufanya safari za msafara na huchangiana kwenye misiba na harusi. Mchango katika shughuli hizo zote hutozwa kwa gari, kwa kuwa gari ndilo linalomfanya mtu awe mwanachama.

Kwa miaka miwili mfululizo klabu ilikuwa ikifunga mwaka baa, kwa kitimoto na bia, na wanaume wakirudi nyumbani usiku. Wake zao hawakupendezwa, na wanachama wachache wanawake waliacha kabisa kuhudhuria. Mkutano mkuu ukaamua kwamba safari hii shughuli iwe ya familia, mchana, mahali penye nyasi na nafasi ya watoto kukimbia. Iliundwa kamati ya watu watano: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mratibu wa chakula na msimamizi wa usalama ambaye kazi yake ya kila siku ni kuendesha watalii.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi iliyo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Sababu yake ilieleweka, kwani wakati huo waajiriwa wako likizo na waliohamia Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza wamekwisha kurudi migombani. Utani kwamba Wachaga hupanda kila Desemba kwenda kuhesabiwa unajulikana nchi nzima. Kamati ilichagua tarehe kwa sababu watu wangekuwepo, lakini haikujiuliza ni wangapi watakaokuwepo katika kila nyumba.

Mpango wa awali na bajeti

Mchango ulipangwa kuwa shilingi 70,000 kwa gari, ukilipwa kabla ya tarehe 10 Desemba. Magari 32 yalilipiwa, zikapatikana shilingi 2,240,000. Bustani ya kukodi, iliyoko upande wa chini wa barabara kuu ya Arusha kwenda Himo, iligharimu 400,000, hema, viti na meza 350,000, muziki 150,000, mlinzi na usafi 100,000. Hiyo ni milioni moja kamili kabla hata kipande cha nyama hakijaguswa. Shilingi 1,240,000 zilizobaki zilikwenda kwenye chakula: mbuzi wanne kwa 720,000, kilo 12 za nyama ya ng'ombe kwa 120,000, ndizi, mchele, kachumbari, mafuta na mkaa kwa 250,000, na soda pamoja na maji kwa 150,000. Hesabu ilifunga bila kubakiza akiba yoyote, jambo ambalo siku ile lilisifiwa kama umakini.

Mwanzoni kamati ilikadiria watu wanne kwa kila gari, yaani watu 128. Siku nane kabla ya shughuli, mweka hazina aliona kwamba makadirio hayo hayana msingi, akaomba kila mwanachama aandike kwenye kundi la WhatsApp idadi ya watu wazima na watoto atakaokuja nao. Walijibu wanachama 21, wakataja watu 97, ambayo ni wastani wa zaidi kidogo ya watu wanne na nusu kwa gari. Alipozidisha wastani huo kwa magari 32 alipata 148. Kamati ikakubali kupanga kwa watu 150, wakubwa 90 na watoto 60, na mchango ukabaki uleule.

Kiasi cha nyama kilikokotolewa kutokana na hapo, na mratibu wa chakula alifanya kazi hiyo vizuri. Alitenga nusu kilo ya nyama mbichi yenye mifupa kwa mtu mzima na robo kilo kwa mtoto, ikawa kilo 60. Alijua pia kwamba mbuzi hanunuliwi kwa kutazama ukubwa wake akiwa amesimama: mbuzi wa kilo 25 au 26 akiwa hai hutoa kilo 12 hivi baada ya kuchinjwa, kuchunwa na kutolewa matumbo. Mbuzi wanne walitoa kilo 48, na nyama ya ng'ombe ikajaza pengo.

Maamuzi matatu ya kabla ya siku yenyewe

Uamuzi wa kwanza ulihusu kitimoto. Baadhi ya wanachama walitaka kiwepo, kichomwe kwenye jiko la pembeni. Mratibu wa chakula alikataa, akieleza kwamba katika eneo moja la kuchomea, lenye wachomaji wawili, koleo, visu na mbao za kukatia huhama kutoka jiko moja hadi jingine bila mtu kukusudia, na kwamba Mwislamu anayelazimika kuuliza kila sahani imetoka wapi hawezi kusema amealikwa. Familia saba za Kiislamu zilikuwa zimelipa mchango kamili. Kitimoto kikaondolewa, na mbuzi wakachinjwa na mchinjaji Mwislamu, kama ilivyozoeleka katika machinjio mengi nchini, kisha nyama ikakaguliwa na kupigwa muhuri.

Wa pili ulihusu magari. Mwenyekiti alitamani yapangwe nusu duara katikati ya nyasi, mabuti yakiwa wazi na muziki ukitoka ndani yake, ili picha zipendeze. Msimamizi wa usalama alipinga kwa hoja moja ambayo hakuna aliyeweza kuijibu: mtoto wa miaka mitatu aliyesimama nyuma ya bampa haonekani kwenye kioo cha kati, na siku ya sherehe madereva wote huwa wanatazama kitu kingine. Badala yake ilikubaliwa kwamba magari yapaki kwa kurudi nyuma upande wa getini, yakitazama nje, na kutenganishwa na uwanja kwa kamba. Magari sita tu yangeoneshwa kwenye nyasi, yakiwa yamezimwa, breki ya mkono imevutwa na magogo yamewekwa kwenye matairi. Hakuna gari ambalo lingesogezwa kabla ya saa kumi na mbili jioni bila mtu wa kutangulia mbele yake kwa miguu.

Wa tatu, ambao kwa maoni yangu ndio uliokuwa bora kuliko yote, ulihusu funguo. Kamati iliamua kwamba mchango wa pamoja usinunue pombe. Anayetaka bia ajiletee. Kila dereva angekabidhi funguo mezani anapoingia. Kiwango cha kisheria, miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, kilisomwa kwenye mkutano, lakini kamati ilifahamu kwamba kiwango hicho hakimsaidii mtu asiye na kipimo na ambaye tayari amekunywa. Swali likawa nani akae kwenye hiyo meza. Katibu alijitolea. Mweka hazina akapendekeza mama mzazi wa mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu ambaye nusu ya wanachama walipitia mikononi mwake shule ya msingi, naye akachaguliwa.

Siku ya shughuli

Wa kwanza walifika saa nne asubuhi. Waliotoka Arusha walichelewa kwa sababu ya msongamano wa siku za sikukuu na maeneo mengi ya kilomita 50 kwa saa yanayolindwa na trafiki, jambo linalojulikana kwa kila apitaye barabara hiyo.

Mwalimu alikuwa na daftari la kurasa pana. Kwa kila gari lililoingia aliandika namba yake na jina la mwanachama, kisha akauliza: "Mmekuja wangapi, baba?" Swali hilo la mwisho hakuagizwa na mtu. Kwa sababu yake tunajua leo kwamba hadi saa saba na robo walikuwa wameingia watu 183, wakubwa 104 na watoto 79, kwa magari 40.

Wale 21 waliojibu kwenye kundi walikuja na watu 103, sita zaidi ya waliotajwa. Wanachama 11 ambao hawakujibu ndio waliokuja na watu 80, zaidi ya saba kwa kila jina, na magari yote manane ya ziada yalikuwa ya shemeji, wajomba na kaka zao waliokuwa likizo. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mmoja aliulizwa baadaye kwa nini hakujibu, akasema kwamba wakati ule hakujua mwenyewe nani angekuwa bado yuko nyumbani, na kwamba asingeweza kuondoka na mkewe na watoto wake wawili tu na kumwacha mgeni uani akitazama migomba.

Magari manane ya mwisho hayakuwa na nafasi. Nafasi zilizopangwa zilitosha magari 32, na mlinzi, asiyekuwa na maelekezo mengine, aliyaacha yaingie kwenye nyasi kando ya watoto waliokuwa wakicheza mpira. Saa saba na nusu dereva wa gari mojawapo alianza kurudi nyuma ili kumpisha mwenzake. Mpira ulikuwa umebingirika chini ya buti na msichana mdogo alikuwa amechuchumaa kuutoa. Mlinzi aliona, akapiga buti kwa kiganja mara mbili, kwa nguvu, na gari likasimama. Mtoto alitoka na mpira wake bila kujua lolote. Dereva alishuka na kukaa chini kwenye nyasi. Msimamizi wa usalama aliamuru magari yote manane yazimwe yalipo, funguo zake zikapelekwa mezani kama nyingine, na uwanja wa mpira ukahamishiwa upande wa pili wa hema.

Wakati huohuo jikoni tatizo lilikuwa jingine. Mmoja wa wale mbuzi wanne aliandaliwa kuwa ndafu, yaani mbuzi mzima anayechomwa kwa saa nyingi, akapambwa kwa majani na kuletwa mbele ya wageni akiwa amesimama na kichwa chake. Kwa desturi hakuna anayekula kabla ndafu haijakatwa, na ndafu haikatwi kabla ya hotuba. Hotuba ilipangwa saa nane. Watoto walikuwa hapo tangu asubuhi, na baadhi walikwisha kuanza kulia. Mratibu wa chakula alimfuata mwenyekiti, akamwambia: "Mwenyekiti, watoto wale kwanza. Ndafu itawasubiri wakubwa." Saa saba na dakika arobaini watoto wote walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakila wali na nyama iliyokatwa vipande vidogo, na ndipo mratibu alipoona wazi, kwa kutazama sufuria, kwamba nyama haitafika mwisho wa mstari wa watu wazima.

Waendesha bodaboda wawili walitumwa mjini. Siku hiyo, na saa hiyo, mabucha mengi yalikuwa yamekwisha kuuza nyama ya asubuhi, na kilo 14 zilizopatikana ziliuzwa kwa bei ya sikukuu, shilingi 11,000 kwa kilo. Zililetwa pamoja na mikungu minne ya ndizi mzuzu. Nyama ilikatwa mishikaki mara ilipofika, kwa kuwa vipande vidogo huiva haraka na kwa usawa zaidi kuliko mbavu nzima, na ndizi zikatangulia kwenye wavu ili mwenye njaa apate kitu mkononi. Wengi walidhani ndizi za moto na pilipili zilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Saa nane na nusu ikanyesha mvua, ya zile za mwisho wa vuli zinazokuja kwa ghafla. Watu watatu waliinua jiko la mkaa kutaka kuliingiza ndani ya hema. Mchomaji mkuu aliwazuia, na mratibu akasimama upande wake ingawa wageni walilalamika. Cheche zingeweza kutoboa au kuwasha turubai, na mkaa unaowaka mahali palipofunikwa pande zote hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huanza kwa kuumiza kichwa na inaweza kuua. Ndani ya hema walikuwemo watoto karibu themanini na wazee. Yaliazimwa mabati mawili kutoka kwenye banda la kuku la mwenye bustani, yakaegeshwa juu ya nguzo kwa mwinamo, upande mmoja ukiwa wazi kabisa. Wachomaji walilowa migongo. Nyama iliendelea kuiva.

Kuanzia saa kumi na moja na nusu watu walianza kudai funguo. Mzee mmoja wa makamo, mwenye sauti na heshima yake mjini, alifika mezani akiwa amechangamka zaidi ya kawaida.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba funguo zangu."

"Marahaba, baba. Kaa kwanza ule ndizi. Mama yuko wapi?"

"Yuko pale. Lakini Mwalimu, mimi niko sawa."

"Najua uko sawa. Mama ana leseni?"

Alikuwa nayo. Funguo zilipita mkononi mwa mama, na mzee alicheka kwa sauti kubwa kama mtu aliyetunga mzaha mwenyewe. Madereva wengine wanne waliendeshwa na wake, watoto wao wakubwa au wanachama wenzao siku hiyo.

Matokeo

Hakuna aliyeumia, hakuna aliyeugua tumbo, na hakuna aliyeondoka na njaa, ingawa watu wazima 20 hivi walikula mishikaki na ndizi badala ya ndafu. Gharama ilizidi kwa shilingi 280,000: nyama 154,000, ndizi 60,000, soda na maji 50,000, bodaboda 16,000. Mwenyekiti alizitoa mfukoni mwake palepale, na klabu ikamrudishia Februari baada ya mjadala ambao haukuwa wa kirafiki. Vyoo viwili havikutosha. Kila aliyekuwepo analikumbuka hilo na halihitaji maelezo.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine lilikuwa kipimo. Gari ni kipimo kizuri cha uanachama, na kwa gharama zisizobadilika ni cha haki: bustani, hema na muziki hugharimu vilevile awe mwanachama amekuja peke yake au na watu kumi. Chakula ni tofauti. Kwa bajeti ile, chakula kwa kila mtu kati ya wale 150 kilikuwa shilingi 8,300 hivi, na watu 33 wa ziada walihitaji karibu 273,000. Kiasi hicho kinakaribiana mno na zile 280,000 zilizotumika, na hivyo fedha hazikupotea wala kufujwa kama wengine walivyodai kwenye mjadala wa Februari. Zilikosekana kwa sababu hazikuwahi kuombwa.

Hatua ya mweka hazina ya kuuliza idadi ilikuwa sahihi, na bila hiyo kamati ingepikia watu 128. Udhaifu ulikuwa kuchukulia kwamba wasiojibu wanafanana na waliojibu. Mwenye mke na watoto wawili hujibu kwa dakika moja. Anayechelewa ni yule ambaye nyumba yake imejaa na bado inajaa, na ndiye hasa ambaye jibu lake lilihitajika. Simu kumi na moja, jioni moja, zingetosha kugundua hali hiyo, hata kama jibu la kila mmoja lingekuwa "sina hakika, lakini hatutapungua saba".

Mpango wa magari ulikuwa mzuri kwa magari yaliyotarajiwa na haukusema lolote kuhusu yasiyotarajiwa. Kamba, magogo na utaratibu wa kutembea mbele ya gari vyote vilifanya kazi yake mahali vilipowekwa. Hatari ilitokea pale mpango ulipoishia, na iliyoizuia ni mkono wa mlinzi ambaye hakuwa amepewa hata sentensi moja ya maelekezo kuhusu gari la 33. Mlinzi alipaswa kuambiwa jambo moja tu: nafasi zikijaa, gari lisivuke geti, liegeshwe nje.

Uamuzi wa kutokuingiza jiko hemani unastahili kutajwa kwa sababu ulifanywa dhidi ya matakwa ya wengi, kwenye mvua, na mtu aliyelipwa kuchoma nyama. Ulisimama kwa kuwa mratibu alimwunga mkono mara moja bila kuitisha kikao. Kuhusu ndafu, sikubaliani na wanachama waliotaka iachwe mwaka unaofuata. Iliwapa wazee na wageni wa mbali heshima waliyoitarajia. Kilichohitaji kubadilika ni ratiba ya watoto, na mratibu aliibadilisha, ingawa kwa kuchelewa.

Meza ya funguo ilifaulu kwa sababu ya aliyekaa hapo. Katibu ni rika la madereva wenzake na angebembelezwa mpaka akubali, au angekataa na ugomvi ukazuka. Kwa mwalimu wake wa zamani mtu mzima hawezi kupandisha sauti, wala haoni aibu kumtii, kwani alikwisha kumtii tangu utotoni. Klabu isiyo na mtu wa namna hiyo itafute mchungaji, shehe, bibi wa mmoja wao, au yeyote ambaye madereva humwamkia kabla ya kuzungumza naye.

Kwa shughuli inayofuata klabu imepitisha mchango wa sehemu mbili: sehemu ya gari kwa gharama zisizobadilika, na sehemu ya chakula kwa kila mtu, mtoto akilipiwa nusu. Wenye familia kubwa walipinga, wakisema wanaadhibiwa kwa kuwa na watu. Mwafaka uliofikiwa ni kwamba kila gari litalipia mapema nafasi mbili za wageni, zitumike zisitumike, na kisichotumika kiingie kwenye mfuko wa misiba. Suala la shangazi anayeshuka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam asubuhi ya siku yenyewe lilijadiliwa kwa muda mrefu, na jibu lililoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao ni kwamba atakula, na mwenyeji wake atalipa kabla ya Januari kwisha.